Mbao za Juu ya Jiko

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu Daudi, nimesimama barazani kwetu hapa Magomeni ya Kilosa, maji ya mto Mkondoa yamenifika vifundoni, nausukuma mlango wangu mpya kwa bega na haufunguki. Ndani ulikuwa umelala wewe, hujatimiza mwaka, kwenye mkeka sakafuni. Jana ulinitumia picha za milango kwenye simu, ukiuliza upi unaifaa nyumba yako ya Mikumi. Nimezitazama zote. Mmoja una urembo wa dhahabu kama kitanda cha bibi harusi. Kabla sijakujibu, nikusimulie kwanza habari za mlango ule ambao nusura unikoseshe mtoto.

Bibi yako mzaa baba, unajua, alikuwa mtu wa milimani. Ukoo wao ulikuwa na desturi: mtoto wa kiume akizaliwa, baba yake hupasua mbao za mninga na kuzipandisha darini jikoni, juu ya moshi, zikae huko mpaka kijana atakapojenga. Moshi huzikausha polepole, na mchwa hawazipendi. Babu yako alimwekea baba yako za kwake, akafariki kabla hajaziona zikiwa mlango. Tulipojenga, bibi yako alizishusha na kutuletea mwenyewe. Zilikuwa nyeusi kama sufuria ya msibani, na zilinuka moshi hata ukiwa barabarani.

Mimi nilikunja pua. Nilikuwa binti wa mjini, baba yangu mfanyakazi wa reli, na niliyajali sana macho ya watu. Nikamwambia baba yako siwezi kukaribisha wageni kwenye nyumba inayonuka jiko tangu mlangoni. Naye, Mungu amrehemu, alikuwa mpole mno kwa mkewe. Mbao zikaegemezwa nyuma ya nyumba chini ya bati, tukanunua mlango uliokwisha tengenezwa, wenye vanishi ya kung'aa hata nikiutazama nayaona meno yangu. Bibi yako akaupapasa, akaugonga kwa kidole, akasema, "Mzuri. Ila bado una kiu." Sikumwelewa, wala sikutaka kumwelewa.

Masika yalipoingia mlango ukaanza kuwa mzito. Nikazoea kuufungua kwa nyonga, nikijiambia ni bawaba tu. Asubuhi ile bibi yako alikuwa amekuja kukuona, baba yako yuko shambani Kidete, na mvua ilikuwa haijakatika kwa siku nyingi. Jirani akapiga kelele kwamba maji yanaingia kwake, twende tukamsaidie kupandisha magunia ya mahindi juu ya meza. Nikakuacha umelala, nikauvuta mlango ili kuku wasiingie.

Tuliporudi maji yamekwisha panda barazani, yanapita chini ya mlango kwenda ndani, na mlango umevimba, umekaza kwenye fremu kama umepigwa misumari. Madirisha yalikuwa na nondo. Nafasi ya mlango wa nyuma tulikuwa tumeiziba kwa matofali, tukingoja pesa za mavuno ya msimu ujao. Nikakusikia umeamka, unalia. Niliogopa, mwanangu, woga ambao sijauonja tena tangu siku ile. Na cha kushangaza, katika woga huohuo bado nilikuwa nasukuma kwa uangalifu nisiikwaruze vanishi.

Bibi yako akanisogeza pembeni. "Shoka liko wapi?"

"Mama, lakini mlango..."

"Mlango si mtoto! Lete shoka!"

Akajifunga kanga kiunoni, akapiga mwenyewe. Ubao ulipochanika niliona ndani yake ni mbichi, umelowa kama muwa. Akapenya kwenye tundu, akakutoa. Ulikuwa umekaa kwenye maji, kilio umekisahau, unayapiga kwa viganja na kucheka. Nikakubeba, nikalia na kucheka pamoja nawe.

Maji yalipokwisha pungua tukawa tunazoa matope. Nilingoja kugombezwa, sikugombezwa. Bibi yako aliniacha mpaka nikanywa chai, ndipo akasema, "Mama Daudi, mbao isiyokaushwa ina kiu. Siku itakapoyapata maji itayanywa, na ikiyanywa itavimba. Hizi za mumeo zimekaa juu ya moto tangu ningali nambeba mgongoni. Kiu zimemaliza. Wewe umezikataa kwa ajili ya harufu. Harufu huisha. Mtoto je, tungempata wapi mwingine kama huyu?"

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilibahatika, palivunjika mlango tu.

Tukamwita seremala. Alipozipiga randa zile mbao, weusi wote ukatoka, ukabaki wekundu wa mninga, mzuri mpaka niliona haya. Ndio mlango unaoujua, uliokuwa unajificha nyuma yake ukikataa kuoga. Mkondoa umeingia tena humu ndani tangu siku ile, umetujazia matope, na kila mara mlango umefunguka. Harufu ya moshi iliisha hata kabla hujaanza kutembea.

Sasa nikujibu. Chuma sikikatai, mwanangu. Huku kwetu nimekiona kikiliwa na kutu kuanzia chini, lakini huko Mikumi adui yako ni jua. Ukiweka chuma bila kivuli cha baraza, mkeo atafungua mlango kwa kushikia kanga kama anaepua sufuria. Kioo na alumini waachie wenye maduka. Plaiwudi peleka vyumbani, isinyeshewe. Na usisahau komeo la maana, maana nyani wa huko hawapigi hodi.

Lakini lolote utakalochagua, usilichague kwa ajili ya siku ya kuhamia, watu wamekuja kula pilau na kukusifia. Siku hiyo hata pazia lingetosha. Chagua kwa ajili ya siku mbaya. Mlango wa mbao uunyanyue, uugonge, umuulize fundi mbao zake zilikaushwa wapi na kwa muda gani. Fundi akikusifia rangi kabla hajakujibu, muage kwa heshima. Na mlango ukianza kukaza, usiuzoee kwa nyonga kama mimi. Mwite fundi siku hiyohiyo. Ndivyo ilivyo hata kwa mambo mengine ya nyumbani, nawe una mke, utanielewa.

Mungu akupe mlango wa kupitisha maharusi na wageni wenye njaa, unaokaza shari ikigonga, na kumfungukia mtoto wako saa yoyote atakayokuhitaji.

Halafu njoo Kilosa na gari. Juu ya jiko langu kuna mbao za mninga. Baba yako alizipandisha wiki ileile ya matope, na tangu hapo nimepika chini yake kila siku nikikungoja ujenge. Mkeo akikunja pua, usimgombeze. Mwambie mama naye alikunja.