Naitro na Ng'ombe wa Baba

Sisi tuliokulia Mhunze enzi za mikokoteni ya ng'ombe, mbio tulizijua kabla ya viatu. Asubuhi matobolwa na karanga, viazi hivyo vya kukaushwa vinanata kwenye meno, halafu kazi. Pamba ikishushwa kituoni, mikokoteni inarudi mitupu, na hapo watoto tunashindana hadi nyumbani. Vumbi puani, magurudumu yanalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Mchezo huo hatukununuliwa na mtu.

Leo naishi mjini, Kambarage, kwa mwanangu. Mjukuu wangu wa kike, Kabula, anashindana akiwa amekaa kwenye kochi, anakula chipsi. Ana gemu la magari, lina kitufe cha naitro, ule moto wa nyuma unaorusha gari mbele. Gari likiondoka tu, anabonyeza. Kwenye kona anabonyeza, anaingia ukutani.

"Unachapa ng'ombe kwenye mchanga," nikamwambia.

"Bibi, hili ni gari."

"Nimeliona. Achia kidole. Pita kona kwanza, pua ya gari ikinyooka ndiyo ubonyeze."

Akashika, akaanza kuwapita wenzake. Kisha akawa mchoyo, akamaliza wa pili na chupa ya naitro imejaa pomoni. Hilo nalo nikamkatalia: huko ni kufa njaa na ghala lina mtama. Njia ikinyooka, tumia, itajaa tena.

Anadhani bibi yake amejifunza leo. Mimi nilifundishwa na ng'ombe.

Baba mdogo alikuwa akisema fimbo ya ng'ombe si ya msichana. Baba yangu hakubishana na mdogo wake. Aliniambia, "Shindana na Masanja. Ukimshinda, msimu huu mkokoteni unaendesha wewe. Ukishindwa, rudi jikoni na usilie." Masanja ndiye mtoto wa huyo baba mdogo, mdomo kama wa baba yake. Tunafunga nira, ananiambia, "Dada, mwambie mama akufunikie ugali. Utachelewa."

Nilitamani mkokoteni ule kuliko nguo ya sikukuu.

Masanja alichapa tangu mwanzo. Kwenye kona ya mtoni, penye mchanga, akachapa tena. Mkokoteni ukaenda upande, ng'ombe wake wakasimama wanahema, ndimi nje. Mimi niliwaacha wangu wapite polepole, kimya, wavute pumzi. Njia iliponyooka nikapiga mluzi, nikapiga tena, nikapiga mpaka midomo ikakauka. Tulimpita Masanja kashika fimbo kama mwiko.

Baba alikuwa amesimama uani na baba mdogo. Hongera hakunipa. Alinitazama, akamtazama mdogo wake, akasema, "Kesho pamba anapeleka huyu." Nilipeleka kesho, na misimu yote mpaka nilipoolewa.

Watoto wa siku hizi wakishindwa wanaanza upya, hata jasho hawana, halafu wanasema wamechoka. Mimi nilipewa mara moja tu, na namshukuru baba kwa hiyo moja. Juzi nilimsimulia Kabula jinsi walivyotaka kuninyima fimbo. Akacheka, akaniuliza, "Sasa kwa nini wakunyime?" Nikamwambia aendelee kucheza.