Kamba ya Mama na Mdomo wa Cucu

Nilihitaji kusema sentensi kumi tu, na muhula mzima ulikuwa unaisha sijasema hata moja.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alitaka kila msichana asimame mbele ya darasa asimulie kisa. Asiyesimulia hapandi darasa. Na katika shule yetu ya Thika hakukuwa na kurudia, maana wasichana waliongojea nafasi walikuwa wengi kuliko madawati. Ukishindwa unarudi nyumbani, na kwetu sisi kurudi nyumbani ni kufunga kikapu kiunoni na kwenda kuchuma kahawa ya watu mpaka uolewe.

Mara tatu nilisimama. Mara tatu niliangalia vidole vya miguu yangu mpaka mwalimu akasema, "Kaa." Katika daftari ninaloficha chini ya godoro niliandika, "Leo pia sikusema." Siku nyingine sikuandika chochote, niliona haya hata mbele ya karatasi.

Sikuzaliwa hivyo. Baba alipochukuliwa na askari, mama alituketisha watoto wote akatuambia, "Mtu akiwauliza kitu, hamjui. Akiuliza jina lako, mwambie amwulize mama." Ndugu zangu walitii wiki mbili, wakachoka. Mimi nilitii sana. Nikaja kutaka kuacha, nikaona siwezi.

Mwalimu alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, mpenda vikaragosi. Alitufundisha kutengeneza vya fimbo: kichwa kinakaa juu ya mwanzi, mikono inasukumwa kwa vyuma vyembamba kutoka chini, na wewe mwenyewe umejificha nyuma ya shuka. Siku moja aliniita mezani kwake.

"Wewe huwezi kusema. Je, kikaragosi chako kitaweza?"

Akafungua kitabu cha shule.

"Jumamosi ya mwisho ya Julai tunakwenda Ruiru kuwachezea wafanyakazi wa shamba la kahawa. Kikisema sentensi kumi, na mdomo ukicheza pamoja na maneno, nitakuandikia kwamba umesema. Lakini mdomo ucheze, binti. Sitaki gogo lililovaa nguo."

Nilitingisha kichwa kukubali. Hata hilo la kutingisha kichwa lilinitoa jasho.

Basi nikamtengeneza cucu, bibi kizee aliyepoteza mbuzi. Kichwa nilikichonga kutoka mlingoti wa mkonge, ule unaochipuka katikati ya mmea ukikaribia kufa. Ni mwepesi, na kisu kinaingia kama kwenye kiazi kilichoiva nusu. Mikono niliifunga kwenye mbavu za mwavuli uliokufa. Taya la chini nililikata peke yake, nikalitoboa pande mbili, nikapitisha kipande cha spoki ya baiskeli ili liinuke na kushuka. Ndani ya kichwa nikaweka utepe wa tyubu kuukuu wa kulivuta taya juu, mdomo ufunge. Kisha ikabaki kamba: ishuke ndani ya mwanzi, itokee chini karibu na dole gumba langu, nikiivuta mdomo ufunguke, nikiiachia tyubu iufunge.

Kwa hiyo roho yangu yote ilikuwa kwenye ile kamba.

Spoki na tyubu nilipewa na mzee mmoja wa mtaa wa Majengo, fundi wa baiskeli, mwenye kofia ya kufuma iliyojaa grisi. Alimchukua cucu, akamfungua na kumfunga mdomo mara mbili, akacheka.

"Huyu ana maneno kuliko wewe. Ngoja nikupe waya wa breki. Waya haubadiliki, mvua wala jua."

Lakini mama alikuwa amekwisha kunisokotea kamba. Mama alifanya kazi kwenye mashine ya mkonge, na jioni alisokota nyuzi juu ya paja lake, mbili zikawa moja, kwa ajili ya viondo, vikapu vya kufuma. Alinisokotea nyembamba kuliko zote alizowahi kusokota, akaivuta kwa meno kuijaribu. Alinipa jina la mama yake mzazi, kwa hiyo alipozungumza nami aliniita maitu, yaani mama.

"Maitu, kamba ya aina hii imebeba viazi kutoka bondeni mpaka juu, mgongoni, miaka kumi. Itashindwa na mdomo wa mti?"

Nilimwambia fundi, kwa sauti ya chini mpaka akaniinamia, kwamba mama ameshasokota.

"Mkonge unakunywa maji, binti. Ukinywa unajikunja."

Nilisikia. Nilielewa pia. Lakini kila mwanamke niliyemjua alibeba kuni na maji na watoto kwa kamba kama ile, na hakuna hata mmoja niliyemsikia akiilalamikia. Tena, ningemwambiaje mama? Paja lake lilikuwa jekundu kwa kusokota. Nikapitisha kamba yake ndani ya mwanzi, nikafunga pete ya kopo mwishoni mwake kwa ajili ya dole gumba, na pale nyumbani cucu akafunga na kufungua mdomo vizuri ajabu. Alisema sentensi zote kumi. Mimi nilikuwa nyuma ya blanketi, mama akasikiliza na mwiko mkononi, ugali ukashika chini.

Jumamosi tulipanda lori lililo wazi. Mwalimu alikuwa na barua ya ruhusa, kwa maana siku hizo za hali ya hatari hukutoka Thika kwenda Ruiru hivi hivi. Manyunyu ya Julai yalianza kabla hatujavuka daraja, yale yasiyokulowesha unapoangalia, ukishtuka sweta lote ni maji. Nilimkumbatia cucu ndani ya kiondo. Kiondo kina matundu.

Tulicheza kwenye banda la kukaushia kahawa. Watu walikuja na magunia vichwani, wakakaa juu ya magunia hayo hayo. Nyuma ya shuka tulikuwa wawili: mimi na msichana wa darasa langu aliyeshika kikaragosi cha jirani, yeye anaongea hata usingizini. Nilimwinua cucu juu ya shuka, nikashika pete.

Pete haikuwa na kazi. Kamba ilikuwa imenywa maji, imejikunja mpaka pete ikakwama kwenye mwanzi, imelivuta taya chini lote, na mdomo ulikuwa wazi kama mlango wa choo. Niliivuta, niliisukuma, niliirudisha juu kwa kidole. Ilikuwa ngumu kama chuma.

"Mfunge!" mwenzangu alininong'oneza.

"Hafungi."

"Basi sema hivyo hivyo!"

"Mwalimu amesema mdomo ucheze."

Mbele kulianza kicheko. Mwanamume mmoja akapaza sauti, "Cucu, funga mdomo, nzi wataingia!" Mwingine akajibu, "Mwacheni, anangoja uji!" Niliona viatu vya mwalimu pembeni mwa shuka. Vilikuwa vimesimama, ncha zikinielekea. Nikaona kikapu kiunoni mwangu, waziwazi, na mstari wa mikahawa usio na mwisho. Machozi yalishuka mpaka mdomoni na mikono yote miwili ilikuwa juu, sikuwa na wa kunipangusa. Sentensi ya kwanza niliijua. Lakini itatokaje kwenye mdomo usiofunga? Mdomo ulio wazi vile unaweza kusema nini?

Unaweza kuita tu.

Zamani, kabla hatujahamia Thika, tuliishi kwenye mteremko juu ya mto, na watu waliitana kutoka mteremko hadi mteremko. Hukufunga mdomo, uliuachia sauti iende. Na aliyesikia ng'ambo ilimlazimu kuitika, hata kama si yeye anayeitwa, ndipo apeleke neno mbele. Tangu serikali iwakusanye watu kwenye vijiji vyake, nyumba ikigusa nyumba, hakuna aliyekuwa na mtu wa kumwita ng'ambo.

"Uuuuuui!" cucu akaita.

Sijui niliitoa wapi. Ilinikwaruza koo.

Kicheko kikakatika. Halafu mwanamke mmoja, mtu mzima kwa sauti yake, akaitika taratibu, kama anayeogopa kusikika nje: "Uuuui!" Na mwingine. Na wengine.

"Uuui, ninyi wa ng'amboooo! Mbuzi wanguuu! Mmemwonaaa?"

"Tumemwona, cucu! Yuko kwenye kahawa ya bwana!"

"Mwambie arudiii!"

"Amekataa! Anasema kwako hakuna chumvi!"

Walicheka mpaka wakapiga magunia. Mwanamke yule wa kwanza hakucheka. Nilimwona kwenye tundu la shuka akijifuta uso kwa pembe ya leso.

Tuliporudi kwenye lori mwalimu alinikalisha karibu naye. Kusema kweli, nilidhani atanisifu.

"Tulikubaliana sentensi kumi na mdomo unaocheza," alisema. "Nimesikia kelele nzuri sana. Lakini siwezi kuandika kelele kwenye kitabu cha shule." Akatazama barabara. "Sauti unayo, kumbe. Jumatatu utasimama, wewe mwenyewe. Cucu abaki nyumbani."

Jumapili baada ya kanisa nilikwenda kwa fundi. Hakuniambia, "Nilikwambia." Aliitoa kamba ya mama pamoja na pete yake, akaikunja vizuri akaniwekea mfukoni, akatia waya wa breki. Mdomo ulicheza kama wa mtu. Nilimfungua na kumfunga cucu mara nyingi, na kila mara niliumia zaidi, kwa sababu sasa alikuwa tayari na hakuruhusiwa tena. Nyumbani nilimwonyesha mama waya. Aliugusa, akasema tu, "Wa duka," akarudi kwenye jiko. Kwenye daftari niliandika, "Kesho ndiyo mwisho."

Jumatatu nilisimama. Vidole vya miguu vilikuwa pale pale. Mkono wangu wa kulia ulikuwa kwenye mfuko wa sweta, na ndani ya mfuko mlikuwa na kamba ya mama na pete yake ya kopo. Nilitia dole gumba kwenye pete. Nikavuta.

Sentensi ya kwanza ilitoka. Nikaiachia kamba, nikavuta tena. Ya pili. Mwalimu alikuwa akichora mistari ubaoni kwa chaki, mmoja kwa kila sentensi. Ya tano niliivunja katikati, nikaianza upya. Wasichana wa mbele walianza kunitazama mfuko. Nilipomaliza ya tisa, kamba ilikuwa imelowa jasho la kiganja, na mimi nilikuwa nimekwisha. Kwenye kisa cucu amesimama ukingoni mwa mto, mbuzi hayupo, na sikuwa na neno lingine duniani. Mwalimu alishusha chaki.

Ndipo kutoka dawati la nyuma mwenzangu wa nyuma ya shuka akaitika, chini kwa chini, "Uuui."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akageuka kumtafuta aliyefanya hivyo, na wakati amegeuka, nikavuta.

"Mbuzi alirudi mwenyewe," nilisema, "lakini si siku hiyo."

Mwalimu aliinua chaki tena. Akachora mstari wa kumi, mfupi kuliko mingine.

"Kaa," alisema.

Nikakaa. Dole gumba lilikuwa limenasa kwenye pete, na sikujaribu kulitoa mpaka kengele ilipolia.