Mistari Mitatu Begani

Mama alipokufa kwa ndui sikulia. Nilitaka chale tu, mistari mitatu begani kama yake. Dada yake, mama mkubwa aliyekaa kijiji cha Minago, ndiye aliyekuwa fundi wa kuchanja. Aliniagiza ningoje aniite, na siku hiyo nisijipake mawese, maana kwenye ngozi yenye mafuta masizi ya kutia chale weusi hayashiki.

Siku moja jirani akaniita kutoka mwaloni, kwenye mitumbwi: “Kesho muko munachanjwa hapa Rumonge! Musipake mafuta!”

Nikajua mama mkubwa amefika. Nilioga ziwani, nikasugua bega kwa mchanga mpaka likawaka. Nilikula ugali wa muhogo na dagaa ili nisizimie, lakini sikusikia ladha yoyote.

Asubuhi nikakuta watu wamepangwa mstari na askari wa Wadachi, Wajerumani waliotutawala. Mama mkubwa hayupo. Mwenye akili angeuliza. Mimi nilisimama nyuma ya wenzangu kama mbuzi. Daktari Mdachi akanishika bega lile lile, akanikwaruza kwa kijisu na kuniwekea dawa ya kukinga ndui. “Haya, mwingine.” Sikusikia hata maumivu.

Wiki iliyofuata mama mkubwa alikuja na wembe wake na masizi. Akanifunua bega. Palikuwa na kipele kimoja kikubwa, kimejaa maji, sawasawa na vile vilivyomjaa mama mwili mzima.

“Nani amekuchanja? Alama ya nani hii?”

“Ya mama,” nikamjibu.