Maziwa ya Kuangaliwa

Ninyi vijana mutakaosoma haya, kaeni vizuri. Mimi nilisoma kwa masista mpaka kujua kuandika, halafu nikatolewa kwenda kulima pamba. Sitapamba maneno.

Ilikuwa Kasongo, wakati wa Wabeleji. Ndugu yangu mudogo aliachishwa ziwa mapema, maana mama alikauka. Miguu yake ikavimba, nywele zikawa nyekundu, akaacha hata kulia. Munganga wa dispensari akasema: "Huyu anataka maziwa." Maziwa yalikuwa dukani kwa Mureno, ndani ya makopo. Sisi tulikuwa na muhogo.

Mama alifua nguo kwa muke wa muzungu mumoja wa leta, ndiyo serikali. Madamu huyo alichora picha kwa rangi za mafuta, nyumba nzima inanuka. Siku moja akatandika nguo nyeupe juu ya meza, karibu na dirisha, akapanga mukate, samaki ya kopo, sukari, makopo ya maziwa, na kitambaa chekundu kikishuka pembeni. Akakataza mutu kugusa. Mukate ukaota ukungu, yeye anachora tu.

Mama alitoka upande wa Kabambare. Kwao, chakula kilichotandikiwa nguo nyeupe ndani ya nyumba na kuachwa bila kuliwa, hicho ni cha wafu. Mutoto akikionja, wanamuchukua.

Mupishi wa Madamu, Muislamu wa mujini mwenye utani, alimuona mama anavyoizunguka ile meza.

"Shemeji, acha woga. Kwao duka linakuwa na ukuta wa kioo. Vitu vinapangwa hivi, watu wanapita, wanaangalia, wanameza mate, wanakwenda zao. Madamu anakumbuka kwao."

"Chakula cha kuangaliwa tu? Anaangalia nani?"

"Basi wafu wa Ulaya, kama unataka. Wamenona, hao."

"Cheka tu. Wewe hauna mugonjwa nyumbani."

Picha ilipokwisha, Madamu akamupa mama makopo yote ya maziwa, kwa mukono wake mwenyewe. Akasema: "Ya mutoto." Mimi nikabeba kapu. Tulipofika kwenye kijito, mama akaniambia niliweke chini. Akatupa kopo moja moja palipo na kina, halafu akanawa mpaka viwiko. Nikaanza kusema, mupishi alisema ni ya kuangaliwa tu. Akanipiga kofi.

"Unataka wamuchukue?"

Mutoto akafa kabla ya mvua kuanza. Mama akarudi kufua, maana kodi haingoji matanga. Ile picha ilitundikwa ukutani, na kila asubuhi yeye ndiye aliyeipangusa vumbi. Niliiona mara moja: makopo yanang'aa, mwanga wa dirisha umekaa juu ya bati. Mupishi hakumufanyia utani tena. Na mama hakulisema jambo hilo mpaka tukamuzika naye.

Nilipopata nyumba yangu, niliwaambia wote waliokaa humo, na mume wangu pia: chakula kikiingia mulango huu, mutoto mugonjwa alishwe kwanza. Kama iko mutu wa kuuliza kimetoka kwa nani, aulize kopo likiwa tupu.