Masikio ya Biserka

Ukimwona Biserka anapita mtaani na mkoba begani, vidole masikioni, anaimba kwa nguvu kama mlevi wa harusini, usimdhanie kichaa. Yuko kazini.

Kiwanda chao kinatengeneza ajvar, ile hoho nyekundu ya kuchoma na kusaga ambayo huku kusini mwa Serbia ikikosekana mezani wageni wanakuuliza kama umefiwa. Miaka yote kiwanda kilibuni mambo yake chenyewe, milango imefungwa. Kisha akaja mkurugenzi kijana, akasema akili haziishi kiwandani peke yake. Mwenye wazo lolote, la chupa, la jiko au la ladha, alilete. Likifaa atalitengeneza pamoja na mafundi, na jina lake litabandikwa kwenye chupa. Mji mzima ukachangamka. Biserka, aliyekuwa akibandika lebo, akapewa kazi ya kupokea mawazo kwa sababu anajuana na kila mtu. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Maana wakili wa kiwanda, Bwana Prvoslav, mkavu kama mkate wa juzi, aliweka sharti lake. "Usisikie neno kabla mtu hajasaini karatasi yetu ya kutotushtaki," alimwambia. "Pengine maabara yetu tayari inalifanyia kazi jambo hilohilo, kesho aseme tumemwibia. Ukisikia lisilosainiwa, wazo linatupwa, na wewe unarudi kwenye lebo."

Haya, nenda kawaambie watu wa mji ule wasiseme! Muuza mikate alimkimbilia mpaka barabarani.

"Shoga, sikia, mngeweka..."

"Saini kwanza!"

"Nisaini? Kwani naolewa?"

Daktari wa meno naye alimbana vizuri zaidi. Alimjaza pamba mdomoni, kisha akaanza kumweleza habari za vitunguu saumu, Biserka anarusha miguu tu. Bahati yake mashine ilikuwa inanguruma.

Haya yote aliyacheka. Lililomtoa machozi ni la baba yake, Mzee Dragutin, aliyebaki peke yake tangu mkewe afariki miaka mitatu iliyopita. Jumapili moja, kwenye kahawa, mzee alikohoa.

"Mwanangu, nina wazo kuhusu zile chupa zenu."

"Saini hapa, baba, kisha nimwagie lote."

"Sisaini ng'o! Kiwanda chetu cha nguo kilipouzwa tulisaini wote, tukaambiwa hisa ni zetu. Ziko wapi? Hata soksi sikupata."

"Basi usiniambie."

"Mimi niliyekulea niseme na wewe kwa karatasi?"

"Baba, nitaondolewa!" Na Biserka akaziba masikio, mbele ya baba yake mzazi.

Mzee aliinuka, akaiacha kahawa yake. Tangu siku hiyo hakuja tena Jumapili. Akipigiwa simu anasema "nipo", anakata. Biserka alikipenda kile cheo, asikudanganye mtu. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na meza yake na mlango wake. Lakini baba alikuwa mmoja tu, na alikuwa anamponyoka.

Novemba ikafika sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wao, siku ambayo hata waliogombana hula meza moja. Biserka akawahi kwa baba yake kupika kabla wageni hawajaingia. Akafungua kabati kutafuta chumvi, akasimama. Chupa za ajvar alizompelekea kila mwaka, miaka mitatu mfululizo, zilikuwa zimejipanga mle. Hakuna hata moja iliyofunguliwa.

"Baba! Kumbe huipendi?"

"Kata mkate."

"Nakuuliza."

"Usiniulize. Sijasaini."

Akamtazama. Mzee alikuwa anahangaika na kiberiti awashe mshumaa wa sikukuu. Vidole havikunjiki. Njiti ikaanguka, ya pili nayo ikaanguka.

"Sema wazo lako, baba."

"Na kazi yako?"

"Sema tu."

"Kifuniko," mzee akasema harakaharaka, kama anayeungama. "Chenye kitanzi. Mtu anapitisha mkono mzima, anavuta. Hana haja ya vidole. Ni hilo tu. Zamani alikuwa anafungua mama yako."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, ukaziba masikio!"

"Mbona hukuniambia mimi, binti yako, kwamba mikono imekataa?"

Mzee akaangalia dirishani. "Binti yangu angelia, kisha angenihamishia kwake ghorofa ya nne nikae natazama ukuta. Nilitaka kukiambia kiwanda. Kiwanda hakilii."

Biserka akalia, tena kwa sauti.

"Si unaona?" mzee akasema.

"Wazo lako ndiyo basi tena, baba. Nimelisikia bila saini, na Jumatatu mimi mwenyewe nitamwambia wakili."

"Na wewe?"

"Narudi kwenye lebo."

"Kwa hiyo nimekuharibia kazi bure."

"Bure gani? Huhamii kwangu, wala sikuhamishi. Sogea." Akawasha mshumaa, akazitoa chupa zote kabatini, akaketi karibu naye, akaanza kufungua moja baada ya nyingine, vifuniko vinadunda sakafuni.

Wageni walipobisha hodi walizikuta zote ziko wazi mezani, na Mzee Dragutin anakula kwa kijiko, bila mkate, kama mtu aliyetoka kwenye mfungo wa miaka mitatu.