Dagaa wa Risasi

Nilipohamishiwa Kigoma kufundisha, nilitoka Kongwa nikiwa sijawahi kuona maji mengi kuliko ya bwawa la kunyweshea ng'ombe. Hilo halikunizuia kujitangaza mvuvi kabla hata sijamaliza miezi miwili. Kila Jumamosi asubuhi nilikodi mtumbwi mdogo kule Ujiji, nikakaa juani na mshipi wangu mpaka adhuhuri, kisha nikarudi Kasingirima, nilikopanga chumba, ndoano ikiwa safi kama ilivyotoka dukani.

Mama mwenye nyumba, mjane mzaliwa wa palepale, alikuwa akinisubiri uani.

"Mwalimu," aliniuliza bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akichambua, "nibandike sufuria, au leo pia samaki wamekusalimia tu?"

Chumba cha pili kilikuwa cha mzee mmoja aliyevuka ziwa kutoka Uvira, miaka ile ambayo maboti yalikuwa yakishusha watu kila siku, na watu wenyewe wakipelekwa kambini. Yeye aliruhusiwa kubaki mjini kwa sababu ya mguu uliokuwa ukitibiwa, kwa kibali alichokwenda kukifanya upya kila mwezi akiwa amevaa tai. Kwao alikuwa fundi wa meno ya bandia. Mimi nilimwamkia "Shikamoo, Mzee," naye akanijibu "Jambo sana, Mwalimu," kwa furaha kubwa. Ilinichukua wiki kadhaa kuzoea kwamba hakuna marahaba inayokuja.

Jumamosi moja alinitazama nikining'iniza mshipi wangu ukutani, akasema, "Mwalimu, weye hauvui. Weye unaogesha ndoano."

Mama alicheka mpaka mchele ukamwagika.

Mzee akanieleza kwamba mgebuka, samaki mwindaji wa ziwa lile, hafuati kitu kilicholala majini. Anafuata dagaa anayekimbia, anayemetameta. Huko kwao alikuwa akijitengenezea dagaa wa chuma, anamshusha chini kabisa, halafu anamvuta kwa mshtuko, anamwachia, anamvuta tena. Akasema tunaweza kuwatengeneza hapa uani, kwa ufundi uleule wa meno: unachukua umbo, unapata kalibu, unamimina.

Vifaa tulivipata kwa fundi gari wa jirani. Alitupa risasi kuukuu, vile vipande vinavyobanwa kwenye rimu ili gurudumu lisiyumbe, na mrija wa silikoni nyekundu wanayozibia injini. Mzee aliichagua hiyo kwa sababu inavumilia moto. Mama, baada ya kuombwa mara tatu, akatoa bakuli la unga wa muhogo.

"Mnapika nini?" akauliza.

"Meno ya samaki," Mzee akamjibu.

Alichanganya silikoni na unga, akakanda kwa mikono iliyopakwa sabuni ili isimgande. Ua wote ukanuka siki. Bonge lilipokuwa gumu kama ugali uliopoa, akachukua lumbu mbichi, dagaa mkubwa wa ziwani urefu wa kidole, akamkandamiza mpaka nusu ya mwili. Silikoni ikaganda. Akapaka mafuta juu, akafunika kwa bonge la pili. Baada ya saa kadhaa akayatenganisha kwa kisu, akamtoa lumbu, na pale ndani nikaona kila gamba, jicho, hata ule mstari mwembamba wa ubavuni. Akachonga tundu la kumiminia, akalaza waya katikati wenye vitanzi viwili, kimoja cha mshipi na kingine cha ndoano. Hadi jioni kalibu zilikuwa tano.

"Sasa tunaacha ikauke mpaka kesho jioni," akasema. "Samaki ameacha maji ndani. Risasi ya moto na maji havipatani."

Kesho yake alfajiri Mzee alikwenda hospitalini kufungwa bandeji. Mimi nilikuwa nimekaa na kalibu tano nyekundu mbele yangu, jiko la mkaa, na kopo la risasi. Nilizigusa. Ziliniambia zimekauka. Nikaanza kumimina.

Nne za kwanza zilikubali, na Mzee aliporudi alinikuta nikizipanga kwenye tofali kama mtu aliyepata vyeti. Nikaichukua ya tano, niliyokuwa nimeiweka kivulini karibu na mtungi, nikaimiminia nikimwangalia yeye badala ya kuangalia kazi.

Ilipasuka kwa mlio uliotikisa bati. Matone ya risasi yaliruka juu, mengine yakatua kwenye kanga mbili za Mama zilizokuwa kambani. Mimi nilijikuta nyuma ya mtungi, sijui nilifikaje.

"Miye nilisema jioni," Mzee akasema taratibu. "Lakini mwalimu hafundishwi."

Mama alikuwa bado ananionesha matundu ya kanga, moja baada ya jingine, balozi wa nyumba kumi alipoingia na mgambo mwenye kirungu. Jirani alikuwa amesikia mlio, na kabla ya hapo alikuwa amenisikia nikijisifu dukani.

"Mwalimu," balozi akasema kwa sauti ya kazi, "tumepata taarifa kwamba humu ndani kunatengenezwa risasi."

Mimi husema kweli, hasa nikiwa sijafikiri. "Ndiyo," nikajibu. "Tumeanza leo."

Mgambo akarudi nyuma hatua moja.

"Ngapi?"

"Nne zimetoka vizuri. Moja imelipuka."

"Za kumpiga nani?"

"Migebuka," nikasema. "Na Mungu akijalia, sangala."

Mgambo, ambaye sasa alikuwa amesimama mbali mno asisikie vizuri, akauliza hicho ni kikundi gani. Nilitaka kucheka, nikageuka nimwangalie Mzee tucheke pamoja. Hakuwapo. Alikuwa ameingia chumbani, na alipotoka alikuwa amevaa tai, kibali kimekunjuliwa mkononi, begani ana mfuko mdogo. Hazikuwa zimepita dakika mbili. Mtu hafungi mfuko kwa dakika mbili. Nikaelewa kwamba ulikuwa umefungwa siku zote.

"Miye niko tayari," akamwambia balozi. "Mwalimu hana kosa. Kazi ni yangu."

Nilianza kueleza kuhusu kalibu, unga na gundi ya injini, na kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama kiwanda cha silaha. Aliyetuokoa ni Mama. Aliokota dagaa mmoja pale kwenye tofali, akaushika mkono wa balozi, akamweka kiganjani.

"Tangu lini ukakamata watu kwa ajili ya dagaa?" akamwambia. "Wa kukamatwa ni huyu mwalimu, kwa kanga zangu."

Balozi alimgeuza yule dagaa. Akamsugua na shati. Risasi mpya ing'aayo kama fedha ikamulika jua usoni mwake, na ile sauti ya kazi ikamtoka.

"Nani kamchonga magamba haya?"

"Hakuna aliyechonga," Mzee akajibu. "Ni samaki mwenyewe alilala pale."

Balozi akauliza jinsi ya kumvuta majini. Mzee akaweka mfuko chini, akamwonesha kwa kamba ya kuanikia nguo: shusha, shtua, achia. Dakika chache baadaye mgambo naye alikuwa akishtua kamba. Walipoondoka, balozi alichukua dagaa wawili, akasema ni kwa uchunguzi.

Alhamisi alirudi amebeba samaki, kuhe mnene aliyeshikwa kwa mashavu. "Uchunguzi umekamilika," akatangaza, akamkabidhi Mama. Tulimla kwa mawese na ugali wa muhogo, balozi akiwa mgeni wa heshima. Mwezi ule Mzee alipokwenda kufanya upya kibali, balozi alimsindikiza mpaka ofisini, akasema mbele ya karani kwamba anamfahamu. Mzee alituhadithia jambo hilo mara mbili jioni ile, akisahau kuwa ameshatuhadithia.

Habari zilifika hadi Ilagala, na wavuvi wa kule wakawa wanamletea Mzee risasi kuukuu, wakiondoka na dagaa aliowamimina. Mimi wa kwangu wa kwanza alinasa kwenye jiwe. Wa pili nilimfunga vibaya, akaenda zake. Wa tatu akanipatia mgebuka mmoja, ambaye Mama alimpima kwa kijiko cha chai, akakuta wanalingana. Alimpika hivyohivyo, akamgawa sehemu tatu kwa adabu zote, na Mzee akasifu sana kichwa chake.

Mguu ulipopona na kwao kulipotulia kidogo, Mzee aliamua kurudi. Aliniachia kalibu zote nyekundu, zimefungwa kwenye gazeti, na maneno matatu ya kuagana: "Ngoja ikauke kwanza." Nimejaribu kumimina mara nyingi tangu hapo, kila mara kwa haraka ileile. Dagaa wangu wote hutoka bila mikia.