Tundu la Fundi Elia

Nakumbuka mchana mmoja pale Mazingara, mwanangu, kijiji cha ujamaa kikiwa bado kipya na sisi tuliohamishiwa hapo hatujajuana vizuri. Nilikuwa mgambo, binti mbichi, na kazi yangu niliipenda kupita kiasi. Mgeni akikohoa tu, nimeshampelekea balozi wa nyumba kumi habari. Usinicheke. Hata leo mtu akinichekea sana namtazama mara mbili.

Basi akaja Fundi Elia kutoka Korogwe, mtoto wa manamba, wale vibarua wa mashamba ya mkonge. Alichora, alichonga, na alikuwa na vipande vya vioo vya kuchezea jua. Kijiji kilimwita apambe ukuta wa duka la ushirika. Akaomba kibanda kitupu, akapaka chokaa ukuta mmoja, akaziba madirisha kwa magunia na udongo, akaacha tundu dogo kama punje ya kunde. Kisha anajifungia humo saa saba mchana, jua linawaka. Wewe ungefikiri nini? Watu wakanong'ona kwamba ni mumiani, amekuja kunyonya damu zetu.

Nikaenda kupeleleza.

"Ingia uone, dada," akasema, wala hakushtuka.

Kwenye ule ukuta mweupe nilikiona kijiji chetu kichwa chini miguu juu, na mama yangu anapita na ndoo yake hivyo hivyo, kanga yake nyekundu kabisa. Elia alikuwa ameketi tu na penseli, anachora.

"Ni mwanga," akasema. "Unaingia kwa lile tundu, picha inajigeuza yenyewe."

Nilitoka mbio. Kesho yake mama akashikwa na homa, nami nikaamini amechukuliwa kivuli.

Mkutano ukaitwa. Mwenyekiti wa kijiji akaniuliza, "Wewe uliyeingia, ulimwona akifanya nini?"

Nilichomwona akifanya kwa macho yangu ni kuchora tu. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, nikaogopa wasije wakasema tuko pamoja naye. Nikajibu, "Alikuwa anamvuta mama kivuli kule ndani." Elia akaomba aingie hata mtu mmoja ajionee. Hakuna aliyenyanyuka. Wakachoma michoro yake mbele yake, wakamwonyesha njia ya Segera, aende kwa miguu.

Mchana huohuo nikatumwa kubomoa kibanda. Nilipoingia, mlango ukajifunga nyuma yangu. Elia hayupo, vioo vyake havipo, na kijiji kiko palepale ukutani, kichwa chini, watu wanapita na shughuli zao. Nikakaa chini nikatazama, nikaelewa ni mwanga tu, kama alivyosema.

Ningeweza kumkimbilia, alikuwa hajafika mbali. Badala yake nikaziba tundu kwa udongo, nikabomoa, nikanyamaza. Mama akapona kwa vidonge vya zahanati, na watu wakaja nyumbani kunishukuru mimi. Nikazipokea shukrani zao, mwanangu, tena kwa mikono miwili.

Sikwambii umwamini kila mtu. Matapeli wapo, tena wengi. Shuku, lakini kaa humo ndani mpaka ujue unachokiona. Ukiulizwa mbele za watu, sema ulichoona, si wanachotaka kusikia. Na ukigundua umekosea, sema siku ileile, yule uliyemdhulumu akiwa bado njiani. Mwenyezi Mungu akupe ulimi usioogopa watu, na akuepushe kuzeeka na jambo kama hili kifuani.